Naomba ushauri: nianzie wapi kuwasimulia wasichana habari za Nawal El Saadawi?

Ndugu zangu, habari za leo. Nimepewa nusu saa kuzungumza na wasichana wa sekondari kuhusu Nawal El Saadawi, daktari na mwandishi wa Misri aliyefariki 2021. Moyo wangu unataka nianzie gerezani: mwaka 1981, enzi za Rais Anwar Sadat, alinyimwa kalamu, akaandika kwa wanja wa nyusi juu ya karatasi za chooni. Kila nikifika hapo nasisimka. Lakini alikeketwa akiwa na miaka 6, na kitabu alichokemea ukatili huo kilimponza, akafukuzwa kazi Wizara ya Afya mwaka 1972. Kulikwepa hilo sitaki, ila naogopa kumtonesha kidonda msichana aliyepitia hayohayo. Mliowahi kufundisha mada hii, mliisemaje?