Mjadala: Je, ndoa inakupa haki ya kuiona simu ya mwenzako ukiwa mbali?

Fundi simu, Mtwara mjini (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nina kibanda cha simu hapa mjini. Kazi yangu ni vioo, matundu ya chaji, betri, na zile simu zilizojifunga. Ila tangu malipo ya korosho yaanze kuingia, haipiti wiki bila mtu kuniletea ombi ambalo linasemwa kwa sauti ya chini, macho barabarani.

Alhamisi alikuja dada mmoja na simu ya mumewe. "Kalala, katoka zamu ya usiku. Saa nane iwe imerudi chini ya mto." Akasukuma noti ya elfu kumi chini ya mita yangu ya kupimia umeme. Anataka kila ujumbe unaoingia kwa mume uingie na kwake, na ajue alipo. Nikakataa. Akanitazama kama mjinga: "Neno la siri kanipa mwenyewe kwa mdomo wake. Sasa naiba nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelipata jioni wakati nafunga kibanda, na nalileta hapa mlipige.

Mwenzako akikupa simu mkononi ukasoma, anajua umesoma. Kesho akitaka kukunyima, anaweza. Ukishaiunganisha na simu yako, hawezi kukunyima kwa sababu hajui kwamba anakupa. Ridhaa ambayo mtu hawezi kuiondoa, mimi siioni kuwa ridhaa.

La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Tuseme mume mwenyewe amekubali kabisa. Dada yake anayemwandikia kuhusu ugonjwa wa zinaa, yeye amekubali lini? Rafiki anayekopa ili mkewe asijue? Simu ya mtu mmoja ina siri za watu hamsini.

Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inasema anayeingia kwa makusudi na bila uhalali kwenye mfumo wa kompyuta, au anayesababisha uingiliwe, faini yake haipungui milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Hilo "anayesababisha" nalisoma kama jina langu.

Haya, nipingeni.

Mama wa Tandahimba

Fundi, umesema vizuri, ila umesema kama mtu ambaye hajawahi kudanganywa bei ya korosho.

Mikorosho yetu tumepalilia wote, salfa tumepuliza wote, korosho nimeokota mimi na wanangu mpaka kiuno kimekataa kunyooka. Jina kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika ni lake, akaunti ni yake, simu inayopokea ujumbe wa benki ni yake. Mwaka juzi kaniambia malipo bado, mnunuzi kachelewa. Siku hiyo alikwenda kuoga kaacha simu dirishani. Ujumbe wa benki ulikuwa na siku nne. Pesa nusu ilishatoka.

Ningesubiri ridhaa yake, mtoto angekwenda kidato cha kwanza na nini? Nyie mnaona mapenzi na michepuko tu. Huku kwetu simu ndiyo ghala. Mtu kafungia mazao yenu wote humo ndani, halafu mnaniambia nisichungulie kwa sababu ni faragha yake.

Kijana wa Shangani

Asiyeiba haogopi polisi. Simu yangu mimi haina hata neno la siri, mke anaingia anavyotaka.

Fundi simu

Kaka, basi ilete kesho kibandani, tuisome mimi na wateja wangu watakaokuwa kwenye benchi.

Kijana wa Shangani

Hiyo tofauti bwana.

Fundi simu

Tofauti hiyo ndiyo naitafuta.

Ustadhi, Lindi

Assalaam alaykum. Qurani katika Sura ya 49 aya ya 12 imekataza kupelelezana, na imekataza papo hapo pamoja na dhana mbaya na kusengenya. Mpangilio huo si wa bahati: dhana inazaa upelelezi, upelelezi unazaa usengenyaji. Sijaona pale mke na mume wakitolewa.

Najua mtaniletea aya ya 187 ya Sura ya pili, kwamba wao ni vazi kwenu na nyinyi ni vazi kwao. Nimeshaisikia barazani: "Vazi linaujua mwili wote." Kweli linaujua. Lakini umelivaa ili likusitiri.

Kwa mama wa Tandahimba nasema hivi: mume anayeficha pesa ya mazao ya nyumba amedhulumu, na dhuluma ina pa kushitakiwa. Usiichanganye na simu.

Mama wa Tandahimba

Shehe, pa kushitakia panataka ushahidi. Ushahidi uko kwenye simu.

Mchangiaji asiyetaka kutajwa, Mtwara

Mimi nilikuwa upande wa pili wa hiyo simu.

Mume wangu alininunulia simu janja. Nilifurahi, nikawaonyesha mpaka majirani. Barua pepe ya kuifungulia alitengeneza yeye, neno la siri analo yeye, mimi sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo. Baada ya hapo ikawa nikipanda bajaji kwenda kwa mama Mikindani, sijakaa kwenye mkeka simu inalia: "Mikindani unafanya nini?" Nilidhani kuna jirani anamwambia. Nikagombana na jirani miezi mitatu, mtu wa watu, hana kosa.

Siku niliyokwenda Ligula hospitali bila kumwambia, nilirudi nikakuta mlango umefungwa kwa ndani na yeye kakaa. Yaliyofuata siyaandiki.

Sasa mnaposema "kama huna cha kuficha", mimi nilikwenda kupima presha.

Fundi simu

Dada, pole sana. Hiyo haikuwa hata programu ya siri. Ile huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea inatosha, kwa mtu mwenye barua pepe yako na neno lake la siri. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea simu mpya "ya zawadi", namwambia akaunti afungue mwenyewe, hapo hapo mbele yangu.

Na kwa wengine wanaosoma kimya: WhatsApp ina sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye mipangilio. Ukikuta kompyuta au simu usiyoijua, mtu anasoma nawe. Piga *#21# uone kama simu zinazoingia zinapelekwa namba nyingine; ##002# inafuta. Simu inayopata moto ikiwa imelala na kumaliza bando bila sababu, ifikirie. Ila kama unaishi na mtu wa kupiga, usikate haraka. Ukikata, atajua. Kwanza ongea na mtu kwa simu ya mtu mwingine, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Mwanafunzi wa sheria, kwetu Nachingwea

Fundi kasoma kifungu vizuri kuliko baadhi ya wenzangu darasani. Ila tuwe wakweli: sheria inasema "bila uhalali", na hapo ndipo wakili wa mume au mke atakapokaa. Atasema walikuwa wamepeana maneno ya siri, uhalali upo. Mimi nitamjibu kwamba kumruhusu mtu asome leo si kumruhusu anase kila kinachoingia kesho. Kunasa mawasiliano ni kosa lake peke yake, kifungu cha 6. Lakini msidhani ni kesi rahisi.

Kipigo hakina mjadala. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata mila ikisema vingine.

Na hizo programu za siri zenyewe, mnunuzi anadhani taarifa zinakwenda kwake tu. Zinapitia kwa mwenye programu kwanza. Kampuni ya mSpy, inayouza kitu cha namna hiyo, ilivujiwa na taarifa 2015, ikavujiwa 2018, ikavujiwa tena 2024. Yaani unapeleka picha za chumbani mwako nje ya nchi ili ujue mume alikula wapi mchana.

Bibi wa Newala (anaandikiwa na mjukuu)

Bibi anasema unyagoni walifundishwa ya ndani yasitoke nje. Anauliza hiyo mSpy ni ukoo gani. Tumecheka sana, lakini hajacheka yeye.

Fundi simu

Mama wa Tandahimba, nimerudi kwako kwa sababu wewe peke yako umenitikisa. Naona ulichofanya ni kusoma ujumbe wa pesa yenu, mara moja. Ulimwambia kwamba umesoma?

Mama wa Tandahimba

Nilimwambia usiku ule ule. Alikasirika siku mbili, siku ya tatu akaleta ada.

Mwanafunzi wa sheria, kwetu Nachingwea

Mama, kazi yako shambani inahesabika kisheria. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kwa nini nusu ya mikorosho isisajiliwe kwa jina lako, malipo yaje kwenye simu yako?

Mama wa Tandahimba

Nimelisema hilo nyumbani Jumapili. Kasema tutaona msimu ujao. Basi mpaka msimu ujao, simu yake inalala dirishani na mimi nalala upande wa dirisha.