UKOO WA BI ZUHURA, MBAGALA

Anko Hamisi: Jamani, bibi kateleza akishuka daladala hapa Rangi Tatu. Muundi umechanwa na bati la mlango. Nimemfunga kanga, ya pili nayo inalowa. Ila anaongea vizuri, anataka nyumbani.

Mama Salma: Yarabi!

Rehema Nesi: Shikamoo anko. Msimrudishe nyumbani! Mlaze, kandamiza jeraha kwa kiganja, usifunue kuchungulia. Kanga nyingine iwekwe juu ya hizo hizo.

Sudi: Dada unakuza mambo. Mimi mwaka jana boda ilinibwaga Kongowe, damu mpaka kwenye soksi, na usiku nikala ugali wangu.

Rehema Nesi: Sudi una miaka 24. Damu ikipungua moyo wako unakimbia, mishipa inajibana, mambo yanaenda. Bibi ana 78, mbio hizo azitoe wapi?

Anko Hamisi: Mapigo nimehesabu, 68. Duka la dawa wamempima presha, 112 kwa 70. Wanasema ya kigori 😅

Rehema Nesi: Hapo ndipo naogopa. Anameza atenololi kila asubuhi, ile inauzuia moyo kukimbia, kwa hiyo hiyo 68 isikudanganye. Na kadi yake ya kliniki inasoma 160 kila mwezi. 112 kwa bibi ni kushuka. Miguu yake ina joto?

Anko Hamisi: Ya baridi. Nimempa maji kasema hana kiu.

Rehema Nesi: Wazee kiu inachelewa. Usimlazimishe. Bajaji sasa hivi, Temeke, na boksi la dawa zake wakalione.

Mama Salma: Bora angekuwa mtoto, watoto wana damu changa.

Rehema Nesi: Mama, mtoto wa kilo 10 damu yake yote ni kama mililita 800. Kikombe kimoja cha chai kikimwagika, robo imekwenda! Na presha yake inabaki nzuri mpaka mwisho, halafu anazima ghafla.

Sudi: 🙊

[Saa 1:40 usiku]

Anko Hamisi: Kashonwa nyuzi 11. Dripu wanampa kidogo kidogo, kila mara daktari anamsikiliza kifua. Nilidhani wanabania.

Rehema Nesi: Hawabanii. Ikikimbizwa, moyo wa mzee unazidiwa, maji yanajaa mapafuni. Alhamdulillah.

Anko Hamisi: Miguu imepata joto. Anauliza kanga zake. Ilikuwa doti mpya, hata upindo hajashona.

Mama Salma: Nimeziloweka kwenye maji ya baridi na chumvi.

Anko Hamisi: Ya tatu ni ya abiria mwenzake, naye anaidai.