Kadi za dishi za kuprogramu, gold na silver tofauti yake nini?

Mpenda_Dishi: Wakuu nimepewa boksi la kadi za zamani za dishi (zile za kuchomeka kwenye king'amuzi) toka Ulaya, zingine gold zingine silver, nataka nijifunzie kuprogramu tu, nianze na ipi?

FundiWaya: Mkuu rangi isikuzuge, cheki chipu. Gold ina chipu ya PIC16F84 na memori ya 24C16, yaani kilobaiti 2 tu, silver ina PIC16F877 na 24C64 hapo unapata kilobaiti 8. Ila mi naipenda Funcard, kadi nyingine ya aina hii yenye chipu ya kampuni ya Atmel, AT90S8515, anzia hiyo kama ipo. Chaneli za leo kadi hizi hazikufungulii, mifumo ilishabadilika kitambo.

BintiUmeme: Halafu zile pini za mbele zifute na spiriti kwanza, zikiwa na uchafu rida (kifaa cha kusoma kadi) haisomi kitu

Mpenda_Dishi: Funcard ninazo mbili, asanteni sana