Karao (polisi) akijifanya kastoma halafu akushike, hiyo kesi inasimama?

mtu_wa_umo: Wadau saidieni. Binamu yangu anauza mitumba Gikomba, hajawahi kulala seli. Kuna jamaa alianza kumsumbua WhatsApp, "buda nitafutie unga, nalipa poa", akamkatalia, jamaa akarudi tena na tena na kila akirudi bei imepanda, mwishowe kijana akamtafutia gramu kadhaa kwa mtu anayemjua, kufika stage kupeana mzigo kumbe kastoma ni karao. Sasa ameshtakiwa ulanguzi wa heroini. Si huo ni mtego? Unaweza kumtoa?

mzee_wa_doria: Mtego ndio kazi yenyewe. Kwani mlanguzi atakuja stesheni na risiti? Wale walanguzi wa familia ya Akasha kule Mombasa, Baktash na ndugu yake, walinaswa hivyo 2014, watu wa DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, walijifanya wa genge la Kolombia, wakina Akasha wakapelekwa New York 2017 na Baktash akala miaka 25.

wakili_mtaani: Mzee heshima yako, lakini Akasha walikuwa kwa biashara kitambo, waliletewa mnunuzi tu. Korti inauliza wazo lilitoka kwa nani. Marekani 1958 kuna jamaa alikuwa anatibiwa uraibu wa heroini, informa (mtu anayewapasha polisi habari) akakutana naye huko huko kwa daktari akamlilia kwamba dawa hazimsaidii, akambembeleza mpaka akamtafutia. Supreme Court ikafuta hatia. Uingereza jaji huwa anaisimamisha kesi kabisa. Hapa kwetu High Court iliukubali utetezi huu 2011 kwa kesi ya hongo, na Katiba 50(4) inaruhusu ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe nje.

Sasa @mtu_wa_umo nisikize, hii si kesi ya kuwekewa. Ukiwekewa bangi mfukoni unasema si yangu. Kwa mtego unakubali ulipeana mzigo, ila unasema walikusukuma. Akisimama kizimbani aseme yote mawili amejimaliza, na nimeona watu wakifanya hivyo.

mtu_wa_umo: Simu wameshika kama exhibit lakini dadake alikuwa ametumiwa screenshot.

wakili_mtaani: Screenshot bila cheti cha 106B cha Evidence Act, kile cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, prosecutor ataipinga. Wakili wake aombe chat yote kutoka mwanzo, sio ile page ya bei pekee, maana zile "hapana" za kwanza ndizo mali. Na aulize huyo jamaa wa WhatsApp ni karao mwenyewe au ni informa, na kama ni informa analipwa nini.

shiro_k: Lakini pia tusidanganyane, mimi ningekuwa prosecutor ningeuliza muuza mitumba alijuaje pa kupata unga.

mtu_wa_umo: Ni mtu walisoma naye, kila mtu hapo mtaani anajua anauza.

wakili_mtaani: Basi hilo aambie wakili leo, sio siku ya cross, prosecutor akimhoji kizimbani.