Nadharia ya siasa iwe hiari? Mi napinga, karibuni tujadili

Wadau, kuna hoja inarudi kila wanafunzi wa sayansi ya siasa wakikutana, kwamba ile kozi ya nadharia ya siasa, ya wanafalsafa kina Plato, Hobbes na Rousseau, isiwe lazima tena, anayeitaka achukue, na muda utakaobaki tuongezewe siasa linganishi (kulinganisha siasa za nchi mbalimbali) na takwimu kwa sababu huko ndo kuna kitu kinachopimika na ndo kuna ajira. Nimesoma zote mbili, nadharia na siasa linganishi, na hii hoja inaniuma, yaani naona tunataka kukata mguu mmoja ili tukimbie vizuri.

Chukueni Botswana. Chama cha BDP (Botswana Democratic Party) kilishika nchi tangu uhuru 1966 hadi kilipoangushwa kwenye uchaguzi wa Oktoba 2024, miaka 58 hiyo, na muda wote huo uchaguzi unafanyika, wapinzani wapo na wanagombea. Sasa Freedom House, shirika la Marekani linalopima uhuru wa nchi, walikuwa wanaiweka kwenye kundi la nchi huru, huku mwanasayansi wa siasa Adam Przeworski na wenzake kwenye data zao za kuanzia 1950 hadi 1990 wakaiweka upande wa udikteta. Nchi ile ile na miaka ile ile! Na hapo hakuna aliyekosea hesabu. Przeworski ana kanuni yake kwamba chama kikishinda kila mara huwezi kujua kama kingekubali kushindwa, kwahiyo mpaka kishindwe na kiachie ofisi, nchi hiyo usiihesabu kuwa ya kidemokrasia.

Swali langu ni hili, kanuni hiyo ameitoa wapi? Kwenye data haipo, hata ukikesha na kompyuta mwaka mzima hutaiona. Ni fikra, na mzizi wake unamrudia mwanauchumi Joseph Schumpeter aliyesema 1942 kwamba demokrasia ni utaratibu wa watu kugombania madaraka kwa kushindania kura, basi, habari za matakwa ya umma weka pembeni. Ukimsoma Rousseau, 1762, yeye anakwambia Waingereza wanajidanganya wako huru, uhuru wao ni siku ya kuchagua wabunge tu, baada ya hapo ni watumwa. Ukimfuata huyu, kule Botswana hutauliza nani alishindwa lini, utauliza wananchi waliamua nini hasa kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, na data utakazokusanya zitakuwa nyingine kabisa. Sa mwanafunzi asiyepita hapo anapakua faili, anakuta kuna safu imeandikwa demokrasia, moja (ndiyo) au sifuri (hapana), anaendesha programu, anapata majibu, anaandika. Hajui hata ameazima mawazo ya nani. Hilo ndo linanitisha kuliko kitu chochote kwenye huu mjadala.

Ila na wenzangu wa nadharia tusijione, manake siasa linganishi inatushusha chini pale tunapopaa. Kuna utafiti wa mwanasayansi wa siasa Daniel Posner wa 2004 ambao naupenda sana, kuhusu makabila ya Wachewa na Watumbuka. Mpaka wa Zambia na Malawi uliochorwa na wakoloni umewakata katikati, upande huu wapo wote wawili na upande ule pia, lugha zile zile, mila zile zile. Malawi wanachukuliana kama wapinzani wa kisiasa, Zambia wanaonana kama ndugu wa mashariki ya nchi. Mbona iwe hivyo? Jibu lake ni kwamba Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kumfaa mwanasiasa anayetafuta kura, Zambia ni wadogo mno hawawezi kubeba mtu peke yao, kwahiyo wanasiasa wanawaunganisha. Soma hapo halafu uniambie tena ukabila uko kwenye damu. Ungekaa na vitabu vya falsafa tu usingefika hapo.

Kitu ninachokubaliana na wanaotaka iwe hiari ni jinsi inavyofundishwa. Mhadhiri anapanga watu kwa tarehe, wiki hii Hobbes, wiki ijayo Locke, mtihani unauliza tofauti zao, unakariri, unapita, umesahau. Mi mwenyewe nilipita hivyo hivyo na nilikuja kuelewa mkataba wa kijamii (wazo kwamba serikali inatokana na makubaliano ya watu) ni nini wakati naandika utafiti wangu wa mwisho, peke yangu, nimechelewa. Kwahiyo nadharia na siasa linganishi zifundishwe darasa moja, Schumpeter asomwe siku ile ile inapofunguliwa faili ya data. Kuifuta kisa inafundishwa vibaya sikubali.

Sasa wewe unayesema iwe hiari naomba unijibu hili moja tu. BDP ilipopigwa 2024 ilikubali ikaachia madaraka. Je Botswana ya 1985 tuirudishe nyuma tuiite demokrasia, au ibaki ilipokuwa? Na ukishachagua, nitajie hiyo data iliyokuchagulia.