Mrejesho: Makala za tasnifu zilizofungwa kwa malipo

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza namna ya kupata makala za majarida kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, maana nyingi zilidai malipo na chuo hakijayalipia majarida hayo. Asanteni sana kwa michango.

Aliyenielekeza Unpaywall, ubarikiwe. Unaiweka kwenye kivinjari; ukifungua makala yenye nakala halali ya bure, alama ya kufuli ya kijani inatokea pembeni. Sehemu kubwa ya orodha yangu ilipatikana hivyo. Zilizogoma nilizitafuta Google Scholar, nikafungua matoleo mengine yanayoorodheshwa chini ya tokeo, kwani mara nyingi mwandishi huwa ameweka nakala kwenye hifadhi ya chuo chake. Angalizo: nakala hizo wakati mwingine ni rasimu za kabla ya uhariri na kurasa hazilingani na za jarida, kwa hiyo kagua kabla ya kunukuu.

Kuwaandikia waandishi kumezaa matunda nusunusu. Mmoja alinitumia makala pamoja na data zake (sikutarajia kabisa!), wengine kimya hadi leo. Sura ya kitabu niliyoihangaikia sikuipata mtandaoni. Mkutubi ndiye aliyeniombea kutoka maktaba nyingine.

Zotero, programu ya kutunza marejeo, nayo inayapanga vizuri, ila PDF za zamani zilizoskaniwa haikuzitambua. Taarifa za PDF hizo nimejaza kwa mkono.

Mapitio ya maandiko sasa yako kwa msimamizi, nasubiri maoni yake.