Ushauri: Mgonjwa wa moto, oksijeni 98% lakini sauti imekauka. Nipimeje madhara ya moshi?

ZamuYaUsiku:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na wagonjwa wa moto.

Nimempokea mzee wa miaka 52, katolewa kwenye chumba kilichokuwa kinawaka huku mlango umefungwa. Kaungua uso, shingo na mkono mmoja, nakadiria asilimia 14 ya mwili. Anaongea na kujibu vizuri, ila sauti imekauka, vinyweleo vya puani vimeungua na makohozi yana masizi. Kipimo cha kidoleni kinasoma 98%, eksrei ya kifua ni safi. Mwenzangu anasema apewe oksijeni kidogo ya puani alazwe wodini. Mimi roho inasita. Ngozi iliyoungua najua kuipima, moshi nitaupimaje? Bronkoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya njia ya hewa) hatuna, mashine ya gesi za damu tunayo.

DharuraKwanza:
Mkuu, achana na hiyo 98%. Kipimo cha kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokamatwa na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi. Mtu anaweza kuwa na sumu nyingi tu kwenye damu na namba ikabaki nzuri. Mwekee sasa hivi barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Mirija ya puani haimtoshi.

Chukua damu ya ateri mapema, lakini oksijeni isisubiri majibu. Kwa hewa ya kawaida kaboni monoksaidi huchukua kama saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni ya asilimia 100 ni saa moja hivi au kuzidi kidogo. Ndiyo maana kiwango kidogo kwa mtu aliyekwisha kupewa oksijeni njiani hakikupi haki ya kusema hakuvuta moshi. Hakikisha pia mashine yenu inapima kaboksihimoglobini yenyewe, yaani ile himoglobini iliyokamatwa na kaboni monoksaidi. Zipo zinazokokotoa tu asilimia ya oksijeni kutokana na shinikizo lake, na hizo zitakupa jibu zuri lisilo la kweli.

Angalia na laktati, asidi inayopanda kwenye damu seli zikikosa kutumia oksijeni. Mgonjwa wa moto wa ndani ya chumba mwenye laktati ya 10 au zaidi, hasa kama fahamu au presha imeshuka, mfikirie sianidi, sumu nyingine ya moshi. Dawa ni hidroksokobalamini gramu 5 kwa mtu mzima, kwenye mshipa.

Mdau_77:
Mpige steroidi uvimbe usiendelee, na antibayotiki kabisa.

NusukaputiDr:
Hapana ndugu yangu. Hakuna ushahidi kwamba steroidi inamsaidia mgonjwa huyu, na kwenye majeraha ya moto inaweza kuongeza maambukizi. Antibayotiki zinasubiri maambukizi yenyewe.

ZamuYaUsiku, mimi hofu yangu ni koo. Moto huunguza sehemu ya juu ya njia ya hewa, na uvimbe wake unaongezeka kwa muda wa saa 24 hivi, haswa dripu zikianza kwenda. Anayeongea sasa anaweza kuziba baadaye, na wakati huo kupitisha mpira wa kupumulia kooni ni kazi ngumu mno.

Mwambie afungue mdomo, umulike hadi nyuma ya kaakaa. Tafuta masizi, malengelenge, wekundu, kilimi kilichovimba. Kisha mwambie ahesabu moja hadi kumi kwa pumzi moja, umsikilize mwenyewe. Rudia kila baada ya nusu saa, mtu yule yule asikilize, maana anayebadilishwa katikati hana cha kulinganisha nacho.

Masizi peke yake hayatoshi kumwekea mpira. Wapo wanaowekewa bure. Lakini sauti ikizidi kupotea, akishindwa kumeza mate, ukisikia mlio anapovuta pumzi ndani, au fahamu zikishuka, usingoje. Na kama ni wa kusafirishwa, amua kabla gari halijaondoka. Tumia mpira mpana, namba 8 ukipita, ili bronkoskopi ipite baadaye, na usiukate, maana uso utavimba na kuumeza.

SistaICU:
Naongezea mapafu. Eksrei ya mwanzo kuwa safi haikupi uhakika wowote. Mapafu huchelewa kuonyesha, siku ya pili au ya tatu ndipo yanabadilika. Hesabu pumzi zake, sikiliza miluzi kifuani, angalia uwiano wa oksijeni ya ateri na ile anayovuta. Ukiwa chini ya 300, mapafu yameguswa.

Wenye bronkoskopi hutoa daraja 0 hadi 4: sifuri hakuna kitu, nne utando unabanduka na kuziba mirija. Ila nimeshaona wa daraja la chini akasumbua mashine kuliko wa daraja la juu. Mgonjwa mwenyewe ndiye wa kumfuata.

ZamuYaUsiku:
Asanteni sana. Barakoa nimebadilisha. Kaboksihimoglobini 19%, laktati 3.1. Kilimi kimevimba, na kwenye kuhesabu mara ya kwanza alifika kumi, sasa anakatia saba. Daktari wa usingizi yupo njiani na vifaa vya kutoboa koo viko kitandani. Ndugu zake wanauliza kama atapona, niwaambie nini?

NusukaputiDr:
Umefanya vizuri kumwita. Mkalishe kichwa juu, asilazwe chali.

Kuhusu ndugu, kuna alama ya Baux iliyorekebishwa, ya kukadiria hatari ya kifo kwa aliyeungua: umri, jumlisha asilimia aliyoungua, jumlisha 17 kama njia ya hewa imeumia. Wake ni 52 + 14 + 17, yaani 83. Ona moshi peke yake ulivyozidi ngozi yote aliyoungua. Usiwatajie namba hiyo. Waambie majeraha ya nje si makubwa sana, ila moshi umemuumiza ndani, atalala na mpira wa kupumulia, na hataweza kuongea nao kwa muda. Kama bado ana sauti, waingie wazungumze naye kabla hajalazwa usingizi.